Mgeni Asiyeomba Kitanda

Nkt! Niacheni nisonye kwanza, maneno yatafuata.

Jumatano jioni, steji ya bodaboda hapa Magunga, vilima vya Gwassi vimeanza kuwa vyeusi. Watu ni walewale: fundi wa pancha, mama wa mandazi, mwalimu mstaafu na gazeti lake la juzi, vijana wanne wamekalia pikipiki zilizozimwa, na mimi nisiyekuwa na kazi ila masikio. Ikaja Probox kutoka Sindo, akashuka binti wa hapahapa, amemaliza miaka miwili ya mkataba huko Ghuba. Tukampokea kwa kelele. Kisha tukahesabu mizigo, maana Magunga mtu hukaribishwa na mizigo yake. Sanduku moja.

"Na lingine?" akauliza mama wa mandazi. "Si ulisema mawili?"

"Litakuja."

"Na nani?"

Kimya. Hapo ndipo msonyo wa kwanza uliponitoka.

Kumbe njiani alilazimika kulala. Ndege ya kwanza ilimshusha jioni katika mji wa watu, ya pili ya kumleta Nairobi ikawa ya kesho yake mchana. Saa 14 za kungoja. Alizilala sakafuni, nyuma ya safu ya viti vya chuma, mguu mmoja umepitishwa kwenye mkanda wa mkoba ili mwizi akivuta naye aamke. Leso aliyoikumbuka usiku kucha ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye bohari ya uwanja, limelala vizuri kumshinda.

"Lakini wenzangu niliokuja nao kwenye ndege," akasema, "niliwaona wameshika vikaratasi, wakaondoka na basi. Asubuhi wakarudi wameoga."

"Vikaratasi vya nini?"

"Vya hoteli. Nilidhani wamelipa."

"Hukuuliza?"

Akamtazama mwalimu kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mwalimu, ningeulizaje? Mtu anaenda kwa watu asiowajua anawaambia nipeni kitanda?"

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, maana binti huyu hakukosa akili, amelelewa vizuri. Katika boma la hapa kwetu, *wendo*, yaani mgeni, akifika hata usiku wa manane haulizi atalala wapi. Ukiuliza umemtukana mwenye boma, umemwambia hajui kazi yake. Mgeni hukaa, husalimia, hujibu habari za watu wa kwao, na huku nyuma watoto wanahamishwa kitandani kimyakimya na kuku anakimbizwa. Akiulizwa kama ameshiba husema nimeshiba, hata tumbo likipinga. Sasa mchukue mtu wa malezi hayo umweke mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege. Anasimama kwa adabu, anangoja mwenye boma amwone. Mwenye boma ana abiria mia tatu na kompyuta. Anayepata kitanda ni yule jamaa asiye na haya aliyeegemea kaunta akasema, "Nalala wapi leo?"

"Hoteli za bure ni za wazungu," akasema mmoja wa vijana.

Nkt! Omera, bure iko wapi? Kampuni inayokuuzia tiketi moja yenye kungoja usiku kucha inajua utalala, na palipo na huduma hiyo, bei ya kitanda imeshatafunwa ndani ya nauli. Ukikiacha hakirudi mfukoni mwako. Chukua Ethiopian Airlines, wanaobeba watu wetu wengi. Abiria anayebadilisha ndege Addis Ababa, akawa lazima angoje kati ya saa 8 na 24, na pasiwe na ndege ya mapema zaidi ya kumfikisha aendako, hupewa chumba, chakula, na gari la kumpeleka na kumrudisha. Kampuni yenyewe ina hoteli, Skylight, iliyofunguliwa mwaka 2019 karibu na uwanja wa Bole, na baada ya kuongezwa ina vyumba zaidi ya elfu moja. Mtu hajengi vyumba elfu moja kwa kuwahurumia wazungu. Na Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, kwa hiyo ile hofu ya "nikitoka nje nitazuiwa kurudi" pale haina mashiko.

Nitapachika jambo moja hapa, maana hunifurahisha kila nikilikumbuka. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Kukipambazuka na kupita kidogo ni saa moja, si saba. Dereva wa hoteli akisema kwa Kiingereza kibovu kwamba basi la uwanjani ni "saa mbili", Mmarekani atatega kengele ya saa nane usiku, akae barazani na sanduku lake akipigwa na baridi ya Addis hadi jogoo. Mtu wa Magunga atajua ni saa mbili asubuhi, ageuke upande wa pili. Ila auache uungwana pembeni aulize tena, kwa sababu wengine wa hoteli husema saa za kizungu kumrahisishia mgeni.

Masharti hayafanani kila mahali, na palipo na mtego ni hapa: tiketi iwe moja. Wako maajenti wanaounganisha tiketi mbili za bei nafuu, ya kampuni hii na ya ile, wanakupa karatasi mbili na kukuambia ni safari moja. Kwako ni moja, kwa kampuni ni mbili. Ya kwanza imekufikisha, imemaliza na wewe. Ya pili haikujui mpaka kesho. Hapo hakuna kikaratasi cha hoteli, na mara nyingi hata begi halihamishwi. Linazunguka kwenye mkanda likikutafuta, na ili ulifikie lazima upite uhamiaji, na ili upite uhamiaji huenda ukahitaji viza usiyokuwa nayo. Mtu mzima analia kwenye kioo, begi lake analiona.

"Na asiye na hoteli wala viza?" akauliza fundi wa pancha, mikono bado ndani ya karai la maji.

Huyo atafute pembe. Si viwanja vyote vina sakafu tu. Doha, kwenye uwanja wa Hamad uliofunguliwa mwaka 2014, kuna vyumba vya utulivu, vya wanaume kando na vya wanawake kando, vyenye viti vya kujilaza, hulipi kitu. Kuna pia hoteli mle ndani, hupiti uhamiaji, lakini hiyo ni ya mwenye pesa. Na kuna yule dubu wa manjano wa Urs Fischer, urefu wa mita kama saba, taa imemtoka kichwani. Wafanyakazi wetu wengi wanamjua kuliko wanavyoujua mji wa Doha wenyewe, maana kila kikundi kinachopotezana huambiana "tukutane kwa dubu". Wengine wamelala chini ya macho yake. Binti wetu alisema alikolala yeye hapakuwa hata na dubu.

Sasa turudi kwenye sanduku, kwa sababu mwalimu alikuwa hajaliacha. Alinyoosha mkono. "Nyathina, kale kastika walikokupa ulipokabidhi mizigo, kako wapi?"

Binti akapekua. Leso ya kufutia jasho, pipi, pasipoti, chaja. Kastika kakapatikana kamegandia nyuma ya kipande cha boding pasi, kamekunjika kama risiti ya duka. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kama anayesahihisha mtihani. "NBO. Umeona? Begi hili lilitumwa Nairobi. Lingeandikwa herufi za ule mji uliolala, ungekuwa wewe uliyeliacha. Hili ni wao."

Jamani, herufi tatu! Watu wanafunga sanduku kwa kamba ya katani, wanaandika jina la babu kwa wino mweusi, wanalizungushia nailoni mpaka linafanana na mtoto wa hospitali, halafu herufi tatu zinazoamua litalala wapi hawazitazami. NBO ni Nairobi, KIS ni Kisumu, ADD ni Addis, DOH ni Doha, MCT ni Muscat. MBA ni Mombasa, wenye shahada wasijivune. Mhudumu akikibandika kibandiko, kisome kabla begi halijamezwa na ule mdomo wa mpira. Kama unalala njiani, muulize waziwazi: begi linafika mwisho au nalichukua katikati? Wanaokwenda Marekani hata kibandiko hakiwaponyi. Kinaweza kusema MSP, huko Minnesota walikojaa ndugu zetu, lakini uwanja wa kwanza unaoshukia Marekani, tuseme JFK, kwa kawaida unalitoa begi mwenyewe, unapita nalo kwa watu wa forodha, kisha unalikabidhi upya. Aliyekaa akingoja likajipeleke Minnesota bado anangoja.

"Uliripoti pale Nairobi?" mwalimu akaendelea.

"Niliona mkanda umesimama. Watu wameisha. Basi la usiku la Homa Bay lilikuwa linaondoka."

Yawa! Nkt! Ile adabu tena, safari hii imevaa haraka. Ukiona mkanda umesimama na begi huna, hutoki mlangoni. Mlemle ndani, karibu na mkanda, kuna dawati la mizigo iliyopotea. Unaonyesha kastika, unaeleza rangi na ukubwa, wanajaza fomu na kukupa nambari. Unawapa simu inayopatikana, si ile ya laini iliyobaki Ghuba. Ukishatoka nje ya ukumbi bila fomu, ni neno lako dhidi ya lao.

Lakini si kwamba amekwisha. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imo, unasema begi likipitisha siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika, una ruhusa ya kulidai kama lililopotea. Likija limevunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Kiwango cha juu cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, hiyo ikiwa hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa pesa tunazozijua ni kama dola 2,000. Kiwango cha juu, narudia, hulipwi kwa kuwa umetaja. Unaulizwa mlikuwa na nini.

"Mlikuwa na nini?" mama wa mandazi akadaka.

"Blanketi mbili. Sufuria za mama. Simu ya kaka. Pauabanki."

Pauabanki! Nikasonya mpaka mbwa akainua kichwa. Betri za namna hiyo haziwekwi kwenye begi la chini, zinakwenda mkononi, kwa sababu zikishika moto chini hakuna wa kuzizima. Na simu ya kaka ilifuata nini kwenye sanduku? Mkononi ndimo vinamokaa vitu vya usiku na vitu vya kulia machozi: pasipoti, dawa, chaja, mswaki, nguo ya ndani, shati moja. Na leso. Mwanamke wa hapa asafiri bila leso mkononi! Ni shuka, ni pazia, ni mto, ni taulo, ina uzito wa mandazi mawili. Blanketi mbili zimekwenda kulala zenyewe na mwenye blanketi anatetemeka kwenye marumaru.

Mwalimu akaandika nyuma ya gazeti herufi na nambari za kastika, akamwambia binti kesho apige simu kwa kampuni, kisha awaandikie, aanze na tarehe. "Na usiwaombe radhi," akasema. "Nakujua. Nilikufundisha."

Tungeishia hapo, lakini mmoja wa wale vijana wa pikipiki, ambaye jioni nzima alikuwa ametulia mno, akatoa simu. Naye anasafiri wiki hii. Anataka mwalimu amwangalizie kama tiketi yake ni moja au mbili. Mwalimu akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Moja. Unangoja saa 9 katikati, kaulize kitanda. Begi kilo 23. Unaondoka lini hapa?"

"Kesho usiku, jaduong'. Nifike Nairobi Ijumaa asubuhi, nipumzike kwa binamu pale Pipeline, jioni niende uwanjani. Ndege ni Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Sifuri sifuri, ishirini."

Fundi akaacha tairi. Wazee wa pwani, ambao kwao siku huanza jua likizama, wasingepotea hapa: usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wake. Sisi wa simu tumefundishwa siku huanza saa sita usiku, tukafundishwa vibaya.

"Mwanangu," mwalimu akasema polepole, "hiyo ni Alhamisi. Kesho. Saa sita na dakika ishirini za usiku wa kesho. Saa tatu usiku uwe umefika kaunta. Ukipanda basi la kesho, ndege itakupita angani ukiwa unalala."

Kijana akatazama simu, akatutazama sisi, akatazama magharibi kama vile jua angeweza kulirudisha. Basi la usiku linapita Homa Bay, na Homa Bay si hapa. Vijana watatu wakawasha pikipiki kwa pamoja bila kuulizana nauli: mmoja kumchukua mamake, mmoja kuchukua begi, mmoja kwenda kusimamisha ile Probox kabla haijajaza watu wa kurudi Sindo. Binti wa Ghuba akafungua sanduku lililofika, akamtupia leso yake.

Mamake akafika mbio, kitambaa kimemvuka kichwani, na neno lake la kwanza halikuwa la ndege. "Omena niliianika leo mchana," akasema. "Bado mbichi. Sasa ataibebaje?"