Sifa za Kompyuta Yenye Nafsi Mbili

Huku kwetu Ukambani vitu vingi vimepata watu wa kuvisifu. Asali ya Kitui ina wasemaji wake. Maembe ya Makueni yana wasemaji, na yana hata kiwanda kule Kalamba. Ndengu zimefanyiwa mapinduzi mazima na serikali ya kaunti. Nao mwamba wa Nzambani haujakosa mtu wa kumnong'onezea mgeni kwamba ukiuzunguka mara saba utageuka: uliyekuja mwanamume urudi nyumbani mwanamke, na mwanamke vivyo hivyo.

Kitu kimoja tu kimekaa mezani miaka yote hii bila kutungiwa hata wimbo wa kwaya. Nacho ni kompyuta ya nyumbani iliyowekwa mifumo endeshi miwili, Windows upande huu na Linux upande ule, ambayo ukiiwasha husimama kwanza kwenye skrini nyeusi ikuulize leo iamke ikiwa nani. Nzambani inadai mizunguko saba ndipo ikugeuze. Kompyuta hii hugeuka kwa kubonyeza mshale wa chini mara chache, tena hugeuka kila siku. Nimeona dhuluma imetosha. Nasimama kuisifu, na sijalipwa na mtu.

Nianze na ukoo, maana msifiwa hutajwa kwanza alikotoka. Kompyuta za zamani ziliamka kwa kusoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 basi. Humo baiti 446 ziliachiwa msimbo wa kuiamsha mashine, 64 zikawa daftari la vigawanyo vya diski, na mbili za mwisho zikawa muhuri. Daftari lenyewe lilitosha vigawanyo vikuu vinne tu. Katika nafasi hiyo finyu ndimo walimotoshea mababu. Alikuwepo LILO, kiwashi cha Linux, ambaye alipokuwa akiamka aliandika jina lake herufi baada ya herufi kadiri kazi ilivyoendelea, na akikwama kwenye LI fundi alijua hapohapo amekwamia hatua gani. Kisha mwaka 1995 Erich Boleyn akaanza kuandika GRUB, na GRUB ndiye mpaka leo anayetuuliza lile swali la skrini nyeusi. Baadaye likaja jedwali jipya la diski linaloruhusu vigawanyo 128. Bado sijamwona Kitui mtu mwenye mifumo 128, lakini ni heri kujua nafasi ipo.

Kuja kwa Linux huku kulikuwa kwa heshima. Hadi mwaka 2011 waandaaji wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, walikuwa wakituma CD bure kwa yeyote duniani aliyewapa anwani, hata kama anwani yenyewe ilikuwa sanduku la posta la shule. Mashine nazo zikaja kwa njia yao: zile tunazoziita ex-UK, zilizotumikia ofisi za Uingereza zikachoka, zikapanguswa vumbi Nairobi, zikapanda basi la Kitui au matatu ya Wote zikiwa kwenye mapaja ya mwenyewe. Kompyuta iliyokwisha kustaafu mara moja haishangazwi na kupewa kazi mbili.

Sasa tabia zake. Ya kwanza ni kwamba inauliza. Katiba yetu hutupeleka debeni kila baada ya miaka mitano, Jumanne ya pili ya Agosti; mwaka 2027 itaangukia tarehe 10. Kompyuta hii hukupeleka debeni kila asubuhi. Wagombea wamepangwa kwenye orodha, na katikati yao kuna mlango wa matoleo ya zamani ya Linux, wazee waliokwisha kushindwa lakini wakakataa kuondoka kwenye karatasi ya kura. Ubuntu kwa kawaida hukupa sekunde 10. Ukizipitisha ukitafuta miwani, unachaguliwa kiongozi, na malalamiko hayapokelewi.

Ya pili ni busara yake katika mambo ya saa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya dunia. Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani ni ya hapa. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kwa hiyo ukitoka Linux ukaingia Windows, saa sita mchana husomeka saa tatu asubuhi, mpaka intaneti ije kusahihisha, na bando likiisha intaneti haiji. Watu wasiojua huliita hilo kosa, na wanayo dawa yake ya amri moja. Lakini aliyewahi kuitwa mkutano huku kwetu anajua kwamba mkutano wa saa tatu huanza saa sita. Unafika saa sita, unafungua kompyuta, inakwambia ni saa tatu kamili. Mwenyekiti hakuchelewa, wajumbe hawakuchelewa, hata chai haikuchelewa. Ni kifaa gani kingine kimeuelewa ustaarabu wetu kiasi hicho?

Ya tatu ni malezi. Kompyuta hii hulea subira hata kwa wasioihitaji. Chukua siku mhazini wa chama anapokuja mlangoni, leso begani, daftari mkononi.

"Hodi, Mwalimu. Naomba zile hesabu za chama. Kuna mmoja ametuma kwa M-Pesa asubuhi, tumwongeze, halafu unichapie. Wenzangu wameshakaa."

"Karibu, mama. Ni dakika moja."

Mashine imeamka ikiwa Ubuntu. Hesabu ziko upande wa Windows. Ubuntu ni mwungwana, inazifungua na kuzionyesha zote, jina la mwanachama mpaka senti. Lakini ukiongeza jina na kutaka kuhifadhi, inakataa. Sababu ni kwamba Windows, tangu toleo la 8, ukiizima huwa haizimiki kabisa. Huacha sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski ili kesho iamke upesi. Linux ikikuta alama kwamba mwenye nyumba bado yumo ndani, husoma tu, haiandiki. Adabu ya namna hiyo hata kwa majirani wa kuzaliwa ni adimu.

Basi unazima, unawasha, unachagua Windows. Windows imekumbuka kuwa ina masasisho. Inasema subiri, usizime. Asilimia zinapanda, zinafika mahali, kisha yenyewe inajizima ili iwake upya na kumalizia. GRUB anauliza swali lake. Wewe umeinuka kumwekea mama kiti. Sekunde 10 zinapita. Skrini inarudi.

Mhazini anaitazama kwa makini. "Mwalimu, hapa si ndipo tulipotoka?"

"Ndipo, mama."

Anafungua daftari, anaandika jina kwa kalamu, anajumlisha kwa kidole hewani, anakuta zimelingana, anaaga. Printa haikuhitajika, nayo ingehitajika ingekubali Windows peke yake. Niambie sasa kama kuna chombo kingine cha kisasa ambacho kimelitetea daftari la mkono kwa uaminifu kama huu.

Ya nne ni kwamba huimarisha kumbukumbu. Ukigusa mpangilio wa kuwasha mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, Windows inaweza kukutaka ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Vijana wetu wamezoea kukariri namba ya siri ya tarakimu nne na kujiona wana akili.

Ya tano ni upatanishi, na hapa historia inashuhudia. Agosti 2024 Microsoft walitoa sasisho la usalama la kuziba mianya katika matoleo ya zamani ya GRUB. Walikuwa wamesema halitazigusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu wa mabara mbalimbali waliamka wakakuta upande wa Linux hauwaki, na ujumbe mfupi unaowaarifu kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana. Baada ya hapo mashine inajizima. Marekebisho kamili yalifika Mei 2025. Katika miezi hiyo yote, watu wa Windows na watu wa Linux, ambao kwa kawaida hawasalimiani, walikuwa na kilio kimoja, na kila mmoja akijua kwa yakini kwamba kosa ni la mwenzake.

Najua wapo wapinzani. Wa kwanza atasema: weka mfumo mmoja, ulale. Huyo hajawahi kuhitaji makro za Excel za kuchambua alama za mtihani Jumatatu na programu ya bure ya kufundishia Jumanne. Wa pili atasema: uendeshe mfumo mmoja ndani ya mwingine, kama wafanyavyo wenye mashine kubwa. Shauri jema kwa mwenye gigabaiti 16 za kumbukumbu. Mwenye gigabaiti nne akijaribu, mifumo yote miwili hukaa ikingojeana, na feni inalia mpaka jirani anauliza kama umenunua posho mill. Wa tatu atasema: nunua kompyuta ya pili. Huyo tumpe mchango wa kuanzia, kwa kuwa anaonekana ana moyo wa kutoa.

Hapa niache mzaha kidogo, kwa sababu sifa hii ina kiini cha kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walikoma kuitunza Windows 10. Windows 11 inadai kitunza siri cha TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai prosesa za kizazi cha nane kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Laptopu nyingi za ex-UK zilizoko nyumbani mwetu ni za kabla ya hapo. Utaikuta moja kibodi yake nzima, skrini yake nzima, betri imechoka kidogo tu, lakini kwa mujibu wa waraka uliotoka mbali ni mzee wa kustaafishwa mara ya pili. Upande wake wa Linux haujausoma waraka huo. Unaendelea kuwaka, kuandika barua, kufungua fomu, kuchezesha masomo ya watoto. Tena siku Windows inapogoma kuamka, Linux ndiyo inayoingia kigawanyo cha mwenzake na kutoa picha za harusi na alama za darasa zikiwa salama. Hata lugha ilianza kufika upande huo mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na hakuna aliyetozwa senti.

Kwa hiyo usumbufu wote nilioueleza ni ada. Mwenye mfumo mmoja halipi ada hiyo, naye siku mfumo wake ukikoma kutunzwa hana la kufanya ila kumpigia fundi, na fundi atampigia muuzaji. Mwenye miwili amesumbuliwa tangu siku ya kwanza, na katika kusumbuliwa amejifunza diski yake imegawanywaje, mashine yake huamka kwa amri ya nani, na faili zake zinakaa wapi hasa. Hukumu yangu ni kwamba elimu hiyo ni rahisi kwa bei yake, hata ukijumlisha vikombe vya chai vilivyopoa.

Ukishawishika, ndugu msomaji, fuata utaratibu. Nakili kila faili unayoipenda kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini. Usianze kugawa diski stima ikiwa inapepesa na betri haishiki. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, hakuna kaunti itakayokufidia. Pakua mfumo usiku bando likiwa nafuu, maana Linux Mint ni karibu gigabaiti tatu na Ubuntu 24.04 ni karibu sita, au muombe kijana wa chuo akupe kwenye flashi. Weka Windows kwanza, Linux ifuate, kwa sababu Windows ikija ya pili hujipa zamu ya kwanza ya kuwaka na GRUB asionekane tena. Zima ule uwakaji wa haraka wa Windows. Andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi, si ndani ya kompyuta hiyohiyo. Na utakapofika kwenye ukurasa unaokuuliza kama uweke Linux kando ya Windows au ufute diski yote, ondoa mkono kwenye kipanya, usome mara mbili, ndipo ubonyeze.