Mkono wa Kikaango

Jamani, Kiingereza changu ni cha kusomea mabango tu. Sasa mpwa wangu yuko Chicago. Kila mwisho wa mwezi nampiga kizinga kidogo, cha heshima. Mjomba, gesi imeisha. Mjomba, luku imeisha. Mjomba, hata mimi nakaribia kuisha. Juzi kajibu: "Anko, no more panhandling."

Nikachambua mwenyewe. Pan, kikaango. Handle, mkono wake. No more, hakuna tena. Masikini, mtoto kavunjikiwa kikaango ughaibuni! Nikamfariji fasta: pole mjomba, hata chetu mkono ulishang'oka, tunashikia kitambaa, shida yetu ni mayai. Kimya. Tiki mbili za bluu, basi.

Nikaenda kusimulia dukani kwa Mangi. Mwalimu mstaafu alikuwepo, akapaliwa na andazi. Kumbe neno lenyewe ni kuombaomba! La Marekani, limeanza kuvuma mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wanaeleza kwamba mtu akisimama njiani amenyoosha mkono, ule mkono unamtoka mwilini kama mkono wa kikaango. Eti hata Texas na Florida zina vipande vya ardhi vilivyochomoza pembeni vinaitwa hivyo hivyo. Nikauliza, kwa hiyo Florida nzima ni ombaomba? Akaniangalia kama deni bovu.

"Nyoosha mkono, uelewe." Nikanyoosha, kiganja juu. Mangi, bila hata kuinua macho kwenye daftari lake: "Hapana. Unga wa juzi hujalipa."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanyaje, mkono bado uko hewani.

Lakini iliniuma. Kuombaomba kote huku mtaani, kudoea kote, leo ndiyo nageuzwa chombo cha jikoni? Halafu nikakumbuka, na sisi tuna chetu. Bahili si tunamwita mkono wa birika? Wa kikaango umenyooka kwenda kwa watu, wa birika umejikunja kurudi kwa mwenyewe. Nikamtumia mpwa, kwa hasira: "Na wewe ni mkono wa birika!"

Miaka tisa huko, Kiswahili kimemtoka. Kajibu usiku: "Pole anko, birika nalo limevunjika mkono? Jipya bei gani?"

Nimemwambia la umeme. La mkaa ni bei rahisi mno.