Mtaka Yote kwa Milimita 14

Ukitoka nje hapa wadi ya Wabera, Isiolo mjini, mapema, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya uko pale kusini, vilele vimechongoka na weupe kidogo wa barafu iliyobaki. Huhitaji kusimama kwa vidole wala kuuliza mtu. Mtoto wa chekechea anauona. Mbuzi wanauona. Sasa nieleze, msomaji mwenye akili timamu, inakuwaje chombo kilichotengenezwa na wataalamu, kikauzwa kwa bei ya fahali, kitazame mlima huohuo na kunirudishia kichuguu.

Chombo chenyewe ni lenzi pana ya kamera, milimita 14. Mpwa wangu mwenye duka Eastleigh, Nairobi, ndiye aliyenishawishi. Nilimwambia nataka kupiga mandhari ya kwetu kabla barafu ya mlima haijaisha yote, naye akanijibu kwa sauti ya mtu anayeuza shamba lenye kesi: “Abti, mjomba wangu, chukua hii. Hii inaingiza kila kitu.” Hakudanganya. Inaingiza kila kitu. Alichonificha ni kwamba kila kitu kikishaingia, mlima hutoka nje kuvipisha nafasi.

Hesabu nimeifanya mwenyewe nyuma ya risiti. Kutoka Wabera hadi kilele cha Batian ni zaidi ya kilomita 60 kwa mwendo wa ndege. Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Batian mita 5,199, kwa hiyo mlima unatuzidi kimo kwa mita 4,100 hivi. Zidisha kimo hicho kwa milimita 14 za lenzi, kisha gawanya kwa umbali. Jibu ni kwamba ndani ya kamera, kwenye sensa yenye kimo cha milimita 24, mlima wa pili kwa urefu barani Afrika haufiki milimita moja. Milimita moja! Kupe wa mbuzi anauzidi. Lenzi ndefu ya milimita 200, ile ambayo vijana wa harusi huitumia kunyemelea machozi ya mama wa bibi harusi, ingeupa mlima huo milimita 13, zaidi ya nusu ya kimo cha picha. Lakini hiyo ndefu mpwa wangu hakuwa nayo dukani, kwa hiyo haikuwa nzuri.

Namfikiria yule mmisionari, Ludwig Krapf. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona mlima huu akiwa Kitui, mbali kuliko sisi, akaandika kwamba juu kuna weupe. Wapo wasomi wa Ulaya waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Krapf alikuwa na macho yake tu, na baadaye ikathibitika kwamba hakukosea. Angekuwa na lenzi ya mpwa wangu, akawatumia picha, wale wasomi wangekuwa na haki ya kucheka mpaka leo.

Basi kama mlima haumo, nini kimo? Nyaya za stima zimo, na hazikuja peke yake, zimekuja na nguzo iliyoinama. Tangi la maji la jirani limo. Kamba ya nguo imo, pamoja na siri zote za familia ya jirani. Bango la mgombea aliyeshindwa uchaguzi limo, bado anatabasamu. Ndivyo lenzi pana inavyofanya kazi: kilicho karibu hukivimbisha, kilicho mbali hukifukuza. Mtaro ulio mbele ya miguu yangu, ambao mtoto anauruka akienda dukani, kwenye picha umekuwa mto unaohitaji daraja na mkandarasi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini wachache waliobaki wa ukoo ule wote hujitokeza mbele ya kamera yangu, wakubwa na wenye afya.

Kilichobaki juu ni anga. Theluthi mbili za picha ni anga. Na anga ya Isiolo wakati wa kiangazi, hebu tusemezane kweli, ni buluu tupu isiyo na hata wingu la kumwazima mtu.

Nilipolalamika, wajuzi wakaniambia tatizo si lenzi, tatizo ni kwamba sijaweka kitu cha kuvutia mbele. Lenzi pana, wanasema, inataka usogee kabisa, nusu mita hivi, kwenye jiwe zuri au ua au gogo, halafu mlima ukae nyuma kama mgeni mwalikwa. Kwa upande wa ufundi wana haki. Ukifunga tundu hadi f/8 na kulenga kitu kilicho sentimita 80 mbele yako, kila kitu kuanzia sentimita 40 hivi hadi mwisho wa dunia kinatoka kikiwa kikali. Hilo ni jambo la ajabu na ninalikubali. Ila wajuzi hawa wanaishi wapi? Wabera jiwe zuri lina mtu amelikalia. Gogo limeshakuwa makaa. Ua limeliwa.

Kitu cha kuvutia kilichokuwa karibu kilikuwa ngamia. Nikamsogelea hadi nikasikia pumzi yake, nikapiga. Mwenyewe, kijana mrefu wa kikoi, alikuwa ananitazama kwa subira ya mtu anayesubiri malipo.

“Mzee, unampigia nini ngamia wangu?”

“Yeye yuko mbele tu, kijana. Ninaupiga mlima.”

Akaomba aone. Akakitazama kioo cha kamera kwa muda, akakigeuza kwenye kivuli.

“Mlima uko wapi?”

Nikamwonyesha kwa ukucha, hapo juu ya sikio. Akakisogeza karibu na jicho, akakunja uso, kisha akachukua pembe ya kikoi akakisugua kioo.

“Vumbi hiyo, mzee,” akasema. Alipoona halitoki, akanihurumia, lakini hela ya ngamia hakuisahau. Kwa haki, tundu za pua za yule ngamia zilitoka vizuri sana. Ndizo picha bora nilizonazo za mandhari ya Isiolo.

Watoto ni shida nyingine. Ukisimamisha tripodi Wabera watoto hawaitwi, wanazaliwa hapohapo. Na lenzi hii haimwachi mtu nje: inaona nyuzi 104 kwa upana, zaidi ya robo ya kila kinachokuzunguka. Walio katikati wanatoka watoto wa kawaida. Walio pembeni wanavutwa, kichwa kinarefuka kuelekea kona ya picha, na sikio la upande wa nje linafika kabla ya mwenyewe. Mama mmoja alimwona mwanawe kwenye kioo akaniuliza, kwa heshima lakini bila kucheka, kama kuna kitu anachopaswa kujua. Hata simu siku hizi zina lenzi pana, ile unayoipata ukibonyeza alama ya nusu, na ndiyo maana mwenyekiti wa kamati ya harusi, ambaye kila mara husimama mwisho wa mstari ili aonekane mnyenyekevu, hana picha hata moja anayoitambua.

Na usithubutu kuielekeza juu. Niliinua kamera kidogo nipate minara ya msikiti, na minara ikainamiana kama wazee wanaosengenya. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kuswali aliiona picha akaniambia, “Mwanangu, minara yetu haijaanguka.” Nikamweleza kwamba ukiinamisha kamera nyuma, mistari yote ya wima hukimbiliana. Akasema basi usiinamishe. Nikiacha kuinamisha, nusu ya picha ni lami na mavi ya punda.

Mwezi wa Juni na Julai kuna balaa la ziada. Jua huchomoza upande wa kaskazini mashariki, kivuli changu kinalala kusini magharibi, na lenzi, kwa upana wake, inakikaribisha. Kwa hiyo kila picha ya asubuhi ina mzee mrefu mwembamba mwenye miguu mitatu akielekea mlimani. Upepo wa miezi hiyo nao unaleta vumbi, na kioo cha mbele cha lenzi hii kimetuna kiasi kwamba filta ya kawaida ya kuzungusha haiingii. Kinakaa wazi, kinapokea.

Halafu kuna jambo ambalo mpwa wangu, mtu wa Nairobi, hawezi kulijua. Isiolo ni mji wa kambi za jeshi, na kupiga picha kambi za jeshi ni marufuku. Mwenye lenzi ndefu analenga kilele na kila mtu anajua analenga kilele. Mimi nikilenga kilele, ninakamata pia kila ua, kila mnara na kila lango lililo kwenye robo nzima ya dunia. Nenda ukamweleze askari, saa moja asubuhi, kwamba hukuipiga kambi, imeingia yenyewe. Nilimwonyesha picha, na ndipo ule udogo wa kila kitu uliponisaidia kwa mara ya kwanza: alitafuta lango lake akalikosa, akaniruhusu niende.

Najifariji kwamba wazimu huu si wa leo. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, pana kupita hata hii yangu, nyuzi 135 kwenye kioo cha picha. Ilikuwa pana kiasi kwamba katikati ya picha paliungua kwa mwanga na pembeni pakabaki giza. Wakafanya nini? Wakaweka nyota ndogo ya bati mbele ya lenzi, ikawa inazungushwa kwa hewa ya kubonyeza mpira, ili izibe mwanga wa katikati kidogo. Yaani mpiga picha anasimama mbele ya mandhari akipuliza kinyota. Wabera hapa ningefanya hivyo siku moja tu, ya pili ningeombewa dua.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Nilipanda gari hadi Archer's Post, nikashuka kando ya Ewaso Nyiro penye mikoma, na hapo lenzi ikatulia. Shina la mkoma liko hapa, mto unapinda pale, majani yanajaza lile anga tupu. Chini ya Ol Lolokwe vilevile: mlima ule umesimama karibu, ukuta mtupu wa mwamba, na lenzi pana ndiyo pekee inayoweza kuumeza bila wewe kurudi nyuma hadi Marsabit. Hata Mtaa wa Wabera kule Nairobi, ule unaobeba, kama wadi yetu, jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya yetu aliyeuawa Juni 1963, ungeifaa. Ni mfupi, majumba yamebanana, na mtu hana pa kurudi nyuma. Huko lenzi hii ni mali. Isiolo mjini, ambako tuna nafasi tele na uzuri wetu wote uko mbali, ni mateso.

Kwa hiyo ninaiuza. Haina mkwaruzo, vumbi nimelipangusa, mfuniko nitautafuta. Ukiwa unaishi karibu na Ol Lolokwe au una ofisi Mtaa wa Wabera, Nairobi, tuongee bei. Mtu wa Isiolo mjini simuuzii, maana nitakutana naye sokoni.