Galatoni na Kuku wa Siku 18

Baba mkubwa alifika Nyanungu Alhamisi jioni, gitaa mgongoni limefungwa ndani ya shuka, na hakunywa chai mpaka aione maikrofoni. Aliigeuza mkononi, akauliza nyingine iko wapi. Nikamwambia ni hiyo moja tu.

"Basi sawa, mwanangu. Gitaa nalo lina tundu moja."

Gitaa kavu yeye hadi leo huliita galatoni, kwa jina la Gallotone ya Afrika Kusini, jina lililokuwa kwenye magitaa na kwenye santuri pia. Gitaa alilopiga John Lennon mwaka 1957, kijana bado, lilikuwa Gallotone Champion. La baba mkubwa limeshapoteza nembo, lakini sauti ipo. Nyuzi nene huzisukuma kwa kidole gumba kama mpiga litungu, lile litungu letu la Wakurya lenye nyuzi nane na ngurumo ya chini, na nyembamba huzichokonoa kwa kidole cha shahada. Vidole hivyo vimeanza kukakamaa. Ndiyo maana nilimwita.

Ijumaa tulianza sebuleni, ndipo wageni wanapokaa. Kuta za saruji zinatazamana, sakafu ni tupu, juu ni bati bila dari. Kila uzi aliougusa sauti yake ilikwenda ukutani ikarudi, na maikrofoni ikazipokea zote mbili. Halafu kuna bati lenyewe. Watu hudhani adui wa kurekodi chini ya bati ni mvua. Mvua unaisikia inakuja. Jua likiingia nyuma ya wingu, bati hupoa, hujikunyata, na kutoa mlio kama wa mtu anayevunja vijiti, na katika milima hii ya Tarime mawingu hayakatiki. Saa nane mchana mvua nayo ikashuka. Tukafunga kazi.

Jumamosi nikahamia chumba cha wadogo zangu. Niliwatolea magodoro manne, nikayasimamisha kuzunguka kiti, nikatundika mablanketi dirishani. Mwangwi ukafa. Lakini gitaa likasikika kama linapigwa ndani ya pipa, na hapo ndipo lile neno la tundu moja lilipotuponza: maikrofoni nilikuwa nimeielekeza tunduni, karibu kabisa. Hewa iliyomo tumboni mwa gitaa ina mvumo wake, wa mitetemo kama 100 kwa sekunde, na mvumo huo hutokea tunduni. Tena maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huzidisha sauti nene kadiri inavyosogezwa karibu. Nikairudisha nyuma shibiri moja na nusu, nikaigeuza itazame pale shingo inapokutana na tumbo, kwenye mstari wa 12 wa chuma. Gumba na shahada vikaachana, kila kimoja na neno lake. Baba mkubwa akatabasamu, akaanza wimbo upya.

Mdogo wetu wa mwisho akaingia mbio kudai godoro lake.

Stendi yangu ilikuwa mpini wa jembe uliosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Godoro likausukuma mpini, ndoo ikapasuka, maikrofoni nikaidaka, lakini mpini uliangukia gitaa na uzi wa nne ukakatika. Hakuna aliyesema neno. Uzi mpya ni wa kufuata Tarime mjini, kama utaupata. Baba mkubwa aliukagua bila haraka: umekatikia kwenye daraja, na kwenye ufunguo ilibaki mizunguko ya ziada. Akaulegeza, akaupigia fundo kwenye kishanga chake, akaukaza kidogo kidogo karibu nusu saa. Zamani, alisema, tungefunga waya wa breki ya baiskeli. Mtoto alikuwa analia mlangoni. Akamwita, akampa ashike shingo ya gitaa wakati anakaza.

Mama ndiye aliyesema twende jikoni, na nilipaswa kumwuliza yeye tangu Ijumaa. Jiko letu ni la nje, la udongo na nyasi. Nyasi humeza sauti, na ukuta uliokandikwa kwa mikono hauna mahali palipo sawa, basi sauti haipati pa kugonga ikarudi nzima. Ila pembeni mwa mafiga kulikuwa na kuku anaatamia mayai 11.

"Huyo hahami," mama alisema. "Ninyi ndio wageni."

Jumapili asubuhi, moto umezimwa, nikakaa kwenye kigoda na maikrofoni mkononi, kiwiko juu ya goti. Nilijipa moyo kwa Hugh Tracey, aliyezoea kuishika maikrofoni yake mwenyewe, na aliyemrekodi Mwenda Jean-Bosco na gitaa lake mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Santuri ya rekodi ile ilisambaa mbali, na ukiisikiliza, gumba la Mwenda unalihesabu pigo kwa pigo. Mkono wangu uliwaka moto kufikia wimbo wa tatu. Sikuutikisa.

Tulisikiliza kwa kompyuta mpakato, vifaa vya masikioni tukigawana kimoja kimoja. Gitaa lilikuwa limekaa vizuri, kavu, karibu. Mimi nilitaka kushangilia. Baba mkubwa aliinamisha kichwa, akaomba turudie, kisha akaomba tena.

"Gumba linachelewa," akasema. "Kichwani halichelewi. Nilidhani ni gitaa."

Akalishika gitaa kuanza upya palepale. Kuku akapandisha manyoya, akaguna. Mama aliingia na kuni kifuani.

"Shemeji, kwa leo imetosha. Huyu ana siku 18. Zikitimia 21 mtapiga mpaka kuche."

Baba mkubwa alikuwa aondoke Jumatatu. Hakuondoka. Siku zote tatu alikaa chini ya mgomba na galatoni, hapigi wimbo, anapiga nyuzi nene tu, gumba peke yake, polepole. Jumatano alfajiri mama alituita tukaone. Vifaranga tisa. Baba mkubwa alikwishaketi kwenye kigoda, gitaa mapajani, nami nikaenda kuleta maikrofoni.