Shati Langu, Uso wa Nani?

Google ilipoanza kuweka picha za mitaa kwenye ramani zake mwaka 2007, watu walilalamika kuwa wameanikwa hadharani. Mwaka uliofuata ikaleta programu ya kusaka nyuso na kuzitia ukungu. Programu ina adabu kupita kiasi: mwaka 2016 ilikutwa imemstiri uso ng'ombe, kando ya mto huko Cambridge, Uingereza. Wajerumani hawakuridhika na hilo. Mwaka 2010 kaya zaidi ya 240,000 ziliomba hata nyumba zao zifichwe.

Shida yangu mimi ni kinyume. Natafuta pa kuombea uso urudishwe.

Shangazi yangu wa Maskati, tangu ajue ramani za picha, hulala Oman akaamka Ng'ambo, Unguja. Hupita mtaani kwetu kwa kidole, akikagua nani kapaka nyumba rangi na nani kaacha ukuta ubomoke. Juzi alipiga simu. Sijamaliza shikamoo, akaniuliza kama ofisi yetu imehamia barazani.

Nikaifungua ramani. Kweli, mbele ya duka kuna vijana wanacheza karata, na mmoja kavaa shati la mistari alilonitumia shangazi mwenyewe. Uso ni ukungu mtupu. Shati linaonekana hadi vifungo.

"Shangazi, huyo mdogo wangu. Kaliazima."

"Nionyeshe uso."

Hapo nikakwama. Shahidi wangu pekee kafunikwa gubigubi! Nikajitetea kwamba ramani inaandika mwezi na mwaka tu, huenda ilikuwa Jumapili. Akasema kivuli ni kifupi, hiyo saa sita mchana, na nyuma wanapita watoto wenye sare za skuli. (Polisi wamekosa mtu.) Kisha akanimaliza: "Na kama huna kosa, mbona wamekuficha uso?"

Kwenye ramani hiyo pa kuombea kufichwa zaidi papo, mwili mzima ukitaka. Pa kuombea kufichuliwa hamna. Ukungu wenyewe unamzuia mgeni asiye na haja nawe. Anayekujua anakusoma kwa mkao, kwa kandambili, kwa shati alilolilipia.

Nikampa simu mdogo wangu aungame. Akaamkia kwa sauti ya chuoni, akauliza hali za Maskati, akanirudishia.

"Umemsikia?" shangazi akasema. "Mtoto ana adabu. Na barazani sijamwona hata picha moja."