Namna ya Kuuachia Mmea Kazi Yako ya Sayansi

Unataka alama nzuri, unataka kusifiwa mbele ya darasa, na hutaki kuhangaika. Sogea nikunong'oneze: ukichagua mmea unaofaa, nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika kalamu.

1. Achana na mimea ya fahari. Ukipanda nazi, muhula unaweza kwisha hujapata cha kuandika. Chukua kunde au maharage. Penye joto na unyevu, huchipua ndani ya wiki.

2. Iba akili ya Mendel. Kati ya 1856 na 1863, mtawa huyo aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa alipanda maelfu ya njegere mjini Brno. Njegere hukua upesi, ua lake hujichavusha lenyewe, na tofauti zake huonekana kwa macho: mbegu laini, mbegu zilizokunjamana. Baadaye akajaribu mimea ya jenasi Hieracium, akakwama, kwani mimea hiyo mara nyingi hutoa mbegu bila kurutubishwa. Bingwa ni yuleyule, mmea ndio uliomwangusha.

3. Anza na swali, mmea ufuate. Unatafuta wanga? Usichume jani la kitunguu. Hilo huweka sukari. Chuma la maharage lililoshinda juani. Lichemshe, kisha litie kwenye spiriti ndani ya chombo kilichokaa katika maji ya moto, jiko likiwa limezimwa, maana spiriti hushika moto. Kijani kitatoka, jani litabaki limepauka. Lisuuze, lidondoshee ayodini: litageuka bluu iliyokoza hadi weusi. Kitunguu kitunzie hadubini; ngozi yake nyembamba ya ndani huonyesha seli waziwazi.

4. Panda mingi. Ukiwa na mche mmoja, panzi mmoja anatosha kukumaliza. Panda makopo kumi: matano gizani, matano mwangani, udongo uleule, maji kipimo kilekile. Mwalimu akiuliza umejuaje kuwa tofauti imeletwa na mwanga, makopo yatakujibia.

5. Usipike matokeo. Uongo una kazi nyingi: utunge vipimo, uvikariri, uvitetee. Mche ukifa, andika tarehe na jinsi majani yalivyoanza kunyauka. Hayo nayo ni matokeo, tena hayakugharimu kitu.

Mmea mwepesi unakuachia muda wa kutazama kwa makini, na hapo ndipo sayansi inapoanzia.