Rangi ya Kucha kwenye Boneti

Mwenzetu Toyota yake ni nyeupe, na kwake nyeupe ni nyeupe tu. Boneti ilipodonolewa na kokoto, akaazima rangi ya kucha ya mkewe. Sasa gari lina chunjua. Kibao cha namba ya rangi kipo, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kimeandikwa C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni ya lulu, hupakwa tabaka tatu. Lakini kusoma kibao si kazi ya mwenye gari, bwana, ana shughuli nyingi! Nta hakuitoa, msasa hakuugusa, na kapaka juani saa saba mchana. Kisha karudi nyuma hatua kadhaa, karidhika. Majirani nao tunaombwa tulitazamie hapohapo.